Barua ya wazi kwa Diwani wa kata yetu, Scarborough, jijini Toronto, Kanada: kuhusu treni, basi na rundo la theluji

Mheshimiwa Diwani,

Salamu sana. Ningekuamkia, ila kwetu Tanga mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na kwa ile picha yako ya kwenye kipeperushi naona mkubwa ni mimi. Kwa hiyo nasubiri shikamoo yako. Kusubiri nimeshazoea.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nimekwisha kukuandikia mara tatu, na mara zote tatu nimejibiwa na kompyuta: asante kwa kutuandikia, maoni yako ni muhimu sana kwetu. Jibu la tatu liliingia kabla hata sijavua miwani. Nikaona basi, kama kusomwa sitasomwa, bora nisisomwe kwa lugha ninayoiweza. Na usidhani naongea peke yangu. Hapa Scarborough tupo Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo wa kutosha, na wengi wetu tunapiga kura.

Nianze na Jumanne, maana ndiyo iliyonimaliza subira.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nyuzi 16 chini ya sifuri. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka tangu Jumapili mchana. Katapila lilipita Jumatatu usiku, nililisikia nikiwa kitandani, likaisafisha barabara vizuri kabisa, lami ikaonekana. Magari yenu yakapata pa kupita. Ile theluji yote likaisukuma pembeni, na pembeni ndipo kituo cha basi kilipo. Rundo lilinifika kiunoni, limeganda usiku kucha, gumu kama tofali. Nyuma ya rundo hilo tulikuwa watu tisa, tumepanga foleni kama watu wenye akili zao.

Basi la kwanza lilipita limejaa. Dereva alitupungia mkono, sijui alikuwa anatusalimu au anatutaka radhi. La pili likasimama. Sasa yupo bibi mmoja wa Kitamil, jina lake silijui, huu mwaka wa pili tunasalimiana kwa kutikisa vichwa. Hutembea na kitoroli cha kuegemea. Dereva alipomwona akabonyeza kitufe chake, basi likajiinamisha upande wa mlango, likashusha pumzi, na ule ubao wa kupandia ukafunguka taratibu, ukatua juu ya rundo, ukabaki unaning'inia. Kuufikia huwezi mpaka ukwee rundo. Nikakwea mimi kwanza ili nimvute bibi mkono. Mguu wa kulia ukazama hadi gotini, wa kushoto ukateleza, nikaangukia kiganja.

Sikulia hapo. Nililia baadaye, chooni kazini.

Bibi akatupungia mkono tuende. Akageuza kitoroli chake na kurudi alikotoka, polepole, akishika ukuta. Mimi nikapanda nikiwa nimekumbatia mkono wangu kama mtoto. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, Mheshimiwa: kuwainua, kuwageuza, kuwaogesha. Kifundo cha mkono kikivimba huna kazi siku hiyo. Nilifika nimechelewa dakika 35, msimamizi akautazama ule mkono, akanirudisha nyumbani. Siku tatu sikwenda. Nalipwa kwa saa, kwa hiyo kama hesabu unaijua, hiyo imekwisha.

Najua utaniambia theluji ni idara nyingine. Ndivyo nilivyoambiwa kwa simu: barabara ni wa barabara, njia ya miguu ni mkandarasi, kituo ni wa mabasi. Rundo lenyewe halikuwa na mwenyewe. Lakini mimi najua nilifikaje nyuma ya rundo lile, na hapo ndipo tutakapogombana.

Kabla ya Julai 2023 sikuwa nikisimama pale. Nilikuwa nikipanda ile treni yetu ndogo ya juu, ya bluu, kutoka Scarborough Centre hadi Kennedy, dakika kumi hivi, kisha nashuka kwenye treni ya chini ya ardhi. Ilikuwa na kelele. Ilikuwa imechakaa. Theluji ikizidi ilisimamishwa tukaletewa mabasi. Yote hayo kweli, siisifu kwa sababu imekufa. Lakini ilikuwa yetu tangu Machi 1985, na ilikuwa na paa.

Jumatatu ya tarehe 24 Julai 2023, jioni, behewa la mwisho lilichomoka na kutoka relini karibu na kituo cha Ellesmere. Watu 5 waliumia. Treni ilikuwa imepangiwa kuzimwa Novemba mwaka huo huo, kwa hiyo ikaonekana hakuna haja ya kuirudisha. Ikafungwa moja kwa moja. Hata kuaga hatukuaga.

Walisema ni boliti zilizolegea, zile zinazoshikilia reli ya katikati. Hapo naomba kidogo uniruhusu. Baba yangu alikuwa gangi wa reli Tanga. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya njia na nyundo ya mpini mrefu, anagonga boliti moja baada ya nyingine, na kwa mlio tu anajua hii imekaza, hii imelegea. Nyumbani tulikuwa tukimcheka, kwamba siku moja atagonga hata vijiko. Mimi si injinia. Lakini mtoto wa gangi anajua kwamba boliti hailegei siku moja. Hulegea pale watu wanapoanza kusema, ah, hii si inafungwa hivi karibuni, ya nini kuhangaika. Hayo ni makisio yangu, na kama nimekosea nisahihishe kwa maandishi, si kwa ile kompyuta yako.

Maana angalia Vancouver. Treni zile zile, zilizobuniwa hapa hapa Ontario, wao walizizindua miezi michache baada yetu, Desemba 1985. Wao wakaongeza njia, wakaongeza vituo, wakanunua mabehewa mapya, na mpaka leo zinakwenda, tena hazina dereva. Sisi zetu tuliziacha na vituo sita vilevile mpaka zikaanguka. Na yale mabehewa tuliyoambiwa yamechoka, Detroit wakayanunua baadhi. Sijui watu wa Detroit wao wana macho gani.

Siku saba baada ya ajali yetu, tarehe 31 Julai 2023, Montréal wakafungua treni yao mpya. Siku saba tu! Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya basi la kushikiza, naiangalia kwenye simu ya kijana aliyekuwa mbele yangu.

Tuje kwenye ahadi, kwa sababu naona mna tabia ya kuzisahau na mimi nina tabia ya kuziandika. Tuliahidiwa reli nyepesi yenye vituo saba, itoke Kennedy ifike Sheppard. Mpango wa kwanza ulikuwa wa 2007, na baadaye jimbo likakubali kuilipia yote. Meya mmoja akaja, Rob Ford, akasema reli nyepesi haifai, Scarborough inastahili treni ya chini ya ardhi kama watu wa katikati ya mji. Tukapiga makofi, nakiri, na mimi nilipiga. Nani asiyependa kuambiwa anastahili? Oktoba 2013 baraza lenu likapiga kura: vituo saba vikawa vitatu. Mwaka 2016 vitatu vikawa kimoja. Kimoja, Mheshimiwa, kwa wilaya yenye watu zaidi ya laki sita. Mwaka 2019 jimbo likauchukua mradi, kimoja kikarudi kuwa vitatu. Saba, tatu, moja, tatu. Mwanangu alipokuwa shule ya msingi nilimwambia akifika sekondari atapanda treni mpya. Sasa ana ndevu.

Na fedha tumeshaanza kutoa zamani. Nyongeza ya kodi ya majengo kwa ajili ya treni ya Scarborough iliingia kwenye bili tangu 2014. Mimi ni mpangaji, bili siioni, ila mwenye nyumba huiona, na akishaiona huja kunitazama mimi.

Sikatai kwamba mnachimba. Mmeleta mashine kutoka Ujerumani yenye kipenyo cha karibu mita 11, na mkaipa jina, Diggy Scardust, watu wakacheka. Iko chini huko tangu Januari 2023, inakula udongo, njia ya kilomita 7.8, na mwaka tuliotajiwa ni 2030. Mungu aipe nguvu. Lakini unaelewa kwa nini tukisikia handaki tunashika vichwa? Mji huu huu ulianza kuchimba treni ya chini ya ardhi chini ya barabara ya Eglinton mwaka 1994, na 1995 serikali ya jimbo ikabadilika, wakalifukia shimo lile lile walilolichimba. Ya Eglinton iliyokuja baadaye, iliyoanza 2011 na kuahidiwa 2020, hiyo ina barua yake.

Dada yangu ananipigia kutoka Dodoma. Tangu 2024 anapanda treni ya umeme Dar es Salaam hadi Dodoma, anashuka hajachafuka hata shungi. Juzi ananiuliza, na nyie huko Kanada treni zenu zinafananaje? Nikamwambia mtandao unakatika.

Huu ni msimu wa tatu wa baridi tangu treni yetu ife. Nilianza wa kwanza nikidai mambo makubwa. Barua yangu ya kwanza, ukiitafuta, ilidai handaki liharakishwe na reli ya kwenda mtaa wa Malvern isisahaulike. Ya pili ilikuwa imepoa, ikaomba ile barabara ya mabasi mnayotengeneza juu ya njia ya zamani ya treni ikamilike upesi, na mabasi ya alfajiri yaongezwe. Ya tatu iliomba basi moja. Moja tu, saa kumi na moja na robo, kwa ajili yetu tunaokwenda kuwaogesha wazazi wa watu kabla hawajaamka. Mabasi yenyewe nayapanda, madereva wake ni watu wema wengi wao, ila basi moja haliwezi kubeba watu wa treni nzima, hilo halihitaji utafiti wa mshauri mwelekezi.

Sasa hii ni ya nne, na naona aibu jinsi ombi lilivyosinyaa. Sikuombi treni. Hata lile basi la saa kumi na moja na robo liache, ukilipata utaleta. Naomba rundo liondolewe.

Naomba katapila likishapita, aje mtu mmoja na beleshi, atoboe njia ya upana wa kitoroli, kutoka njia ya miguu hadi ukingo wa barabara, pale mlango wa basi unapofungukia. Hatua tano, nimezihesabu. Kituo unakijua, nimekitaja kwenye barua zote tatu, upande anakokaa yule bibi. Kama hujui ni cha idara gani, fanya kiwe chako kwa siku moja. Rundo liondolewe. Kila theluji ikianguka, rundo liondolewe, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, si saa nne mkishakunywa kahawa.

Ijumaa nilirudi kazini, mkono umefungwa bendeji. Rundo lilikuwepo. Bibi hakuwepo, na sijamwona tena, na sina wa kumuuliza kwa sababu jina lake silijui. Jumamosi nikaenda dukani nikanunua beleshi, la plastiki, lenye ncha ya bati. Mwanangu akanisindikiza alfajiri ya Jumapili tukachimba wawili, mimi kwa mkono mmoja. Ilituchukua dakika ishirini na mbili. Handaki lenu bado, letu limekwisha.

Beleshi ni dola 24 na senti 99, kabla ya kodi. Risiti nimeiweka. Nijulishe niilete ofisini kwako siku gani, na saa ngapi, ili nijue nitoke nyumbani mapema kiasi gani.

Wako, anayesubiri kituoni,

Mama wa Tanga, mkazi wa kata yako