Gari Linazima Njiani, Naambiwa Halina Tatizo

Kwa Mkurugenzi wa mamlaka ya usalama wa magari,

YAH: INJINI KUZIMA GARI LIKIWA KWENYE MWENDO

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakuandikia hadharani kwa sababu milango mingine nimeshabisha na majibu ni yale yale. Gari langu huzima likiwa kwenye mwendo. Halitetemeki kwanza, wala taa ya tahadhari haiwaki kabla. Injini inakata tu na usukani unakuwa mzito papo hapo. Breki ukiikanyaga mara ya kwanza inashuka, pengine na ya pili, kwa sababu busta, kifaa kinachokusaidia kukandamiza breki, bado ina nguvu kidogo iliyobaki. Baada ya hapo inakuwa ngumu, na inabidi uikandamize kwa nguvu zako zote huku lori likipiga honi nyuma yako. Ukishajivuta hadi pembeni, ukasubiri kidogo na kupiga stata, linawaka vizuri kabisa.

Kwa wakala wa mtengenezaji wanachomeka mashine ya kupima hitilafu, hawaoni kitu, kisha wanaandika kwenye fomu: "Limekaguliwa, tatizo halikuonekana." Nilipoandika makao makuu niliambiwa ni mafuta machafu. Baadaye ikawa ni uendeshaji wangu. Mafuta nimebadili, pampu imekaguliwa, nyaya za betri zimekazwa, na gari bado linazima.

Fundi yeyote anajua kwamba mashine ile husoma tu kilichoandikwa na kompyuta ya gari. Sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta jinsi injini inavyozunguka, inayokata ikipata joto na kurudi ikipoa, au waya unaolegea gari likipita kwenye matuta, inaweza kuzima injini bila kuacha kumbukumbu yoyote. Gari likifika gereji limeshapoa. Linapimwa likiwa limesimama, halafu narudishiwa funguo nikabebe familia yangu.

Mheshimiwa, haya si mageni. Mwaka 2000 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja wake. Ila kisa kinachoihusu ofisi kama yako moja kwa moja ni cha General Motors. Swichi ya kuwashia ya baadhi ya magari yake ilikuwa nyepesi mno, hivi kwamba uzito wa funguo au goti la dereva liliweza kuizungusha. Injini ilizima, na mifuko ya hewa haikufunguka gari lilipogonga. Mwaka 2006 swichi ilirekebishwa kimyakimya, ikaachiwa namba ile ile ya spea, kwa hiyo aliyechunguza kutoka nje hakuweza kuona kwamba kuna kilichobadilika. Mwaka 2007 ofisa ndani ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, alipendekeza uchunguzi ufunguliwe. Wakubwa wake wakaona hakuna sababu ya kutosha. Magari hayo yalianza kuitwa yarudishwe mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Najiuliza maswali mengi kuhusu ule mwaka 2007. Malalamiko yalikuwepo mezani. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kukataa kuridhika na maelezo ya mtengenezaji.

Ndiyo maana siombi uniamini mimi kuliko wao. Naomba uwaagize wakukabidhi malalamiko yote ya injini kuzima kwa aina hii ya gari, pamoja na taarifa wanazowatumia mawakala wao na kumbukumbu za spea zilizobadilishwa. Ukiyaona kwa pamoja utajua kama ni gari langu tu au ni ya wengi. Kisha mafundi wenu, si wao, waliendeshe gari likiwa limepata joto la safari ndefu, kifaa cha kurekodi kikiwa kimefungwa muda wote. Kumwachia mtengenezaji ajikague mwenyewe ni kumpa nyani kesi ya ngedere.

Na kwa wenye magari mnaosoma barua hii: msikubali kuondoka gereji bila fomu yenye tarehe, hata kama imeandikwa kwamba hakuna tatizo. Andikeni pia mwendo mliokuwa nao na gari lilikuwa limetembea muda gani, kisha mpeleke malalamiko kwenye mamlaka na si kwa wakala peke yake.

Gari langu mnaweza kulichukua siku yoyote mtakayonitajia. Fomu zote ninazo, na nakala nimeziambatanisha.

Mwenye gari