Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Homa Ilianza Lini?

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtazipata kwa mtunza hazina. Mimi nitazungumzia daftari la kulaza wagonjwa la hospitali yetu ya homa, ambalo mwaka huu nimelipitia ukurasa kwa ukurasa.

Mawimbi ni yale tunayoyajua wodini. Malaria hupanda wiki kadhaa baada ya mvua kuanza. Surua huja kwa mkupuo, ikifuata watoto wasiochanjwa. Lakini daftari linatuonyesha siku mgonjwa alipofika kwetu tu, halisemi aliambukizwa lini. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5. Homa ya matumbo yaweza kujificha mwilini siku 6 hadi 30. Wagonjwa wawili wanaolazwa usiku mmoja, vitanda vikipakana, huenda walikunywa maji machafu kwa kupishana wiki tatu. Tukishika tarehe ya kulazwa peke yake, tutatafuta chanzo mahali pasipo.

Kuna mstari mmoja ulinisimamisha. Mtoto ameandikwa "homa, kikohozi", akapelekwa wodi ya kawaida. Pembeni, kwa wino mwingine, mtu ameongeza siku mbili baadaye: "surua". Surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake, na virusi hubaki hewani hata saa 2 mgonjwa akishaondoka. Muuguzi aliyempokea simlaumu, vipele havikuwepo. Ila hakuna safu iliyomtaka aulize kama mtoto amechanjwa, au kama nyumbani yuko mwingine anayeumwa. Hilo ni jukumu letu, na tumechelewa.

Wanaonihuzunisha zaidi ni wanaotoka hospitalini wakiwa bado wameandikwa "homa" tu. Wengi hufika wameshameza antibayotiki, damu ikioteshwa maabara kutafuta bakteria haioti kitu. Kipimo chenyewe hukamata homa ya matumbo kwa takriban wagonjwa 6 kati ya 10, basi dawa iliyotangulia hupunguza hata hao. Tuandike kila dawa aliyokwisha kunywa.

Kamati imeandaa muhuri wa kugonga kando ya kila jina: homa ilianza lini, chanjo, dawa, nani mwingine anaumwa. Wenzangu wa zamu ya usiku, nawategemea ninyi hasa. Ndugu aliyemleta mgonjwa ndiye mwenye majibu hayo, na kukicha mara nyingi huwa ameshaondoka.