Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Nansio, kuhusu kikosi chake

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nyegezi. Mama hajambo, na kile kifurushi ulichotuma kwa meli kimefika salama.

Nimeiona picha ya kikosi chako cha Guild Wars, ile gemu ya kompyuta. Mko wanne, wewe na watatu wanaoendeshwa na gemu yenyewe, na wote mmeshika vyuma: wewe Warrior (mpiganaji wa mbele), Koss Warrior, Melonni na mundu wake wa mpini mrefu, na askari wa kukodi ambaye naye ni Warrior. Chini yake umeandika kwamba mmeangamia tena kwenye lango lilelile, unaomba nikushauri upanga wa kununua. Panga zenu hazina tatizo. Hamna hata mmoja wa kuwaponya, wala wa kumkatiza adui kabla hajamaliza uchawi wake, na upanga hautawapa hivyo hata uwe wa bei gani. Jibu nimeamua kuliweka hadharani kwa sababu wapo vijana wengine hapa Mwanza wanaoianza gemu hii sasa, na wengi naona wanapita njia hiyohiyo.

Kwanza, nafurahi umeichagua. Ni ya mwaka 2005, haidai malipo ya kila mwezi, na inakubali kompyuta ambazo gemu za leo zinazikataa. Ukiongeza neno -image kwenye njia yake ya mkato, itapakua ramani zote kwa mpigo. Iache ifanye kazi hiyo kwa bando la usiku, kisha kucheza kwenyewe hakutakula data nyingi. Hayo yatosha, tuje kwenye kikosi.

Kila mhusika ana fani mbili. Ya pili unaweza kuibadilisha huko mbele, lakini ya kwanza utakufa nayo, kwa hiyo hapo ndipo pa kutulia. Kila fani ina sifa moja ambayo anaipata yule tu aliyeichagua iwe ya kwanza. Monk, yaani mponyaji na mkingaji, ana Divine Favor: kila anapomrushia mwenzake dua, mwenzake anaongezewa uhai juu ya kile ambacho dua yenyewe imempa. Wewe Warrior ukimchukua Monk awe fani yako ya pili, dua zilezile utakuwa nazo, ila nyongeza hiyo huioni, na nishati yako, ile inayolipia dua na ujuzi, ni ndogo na inarudi polepole. Ndiyo maana Warrior anayetaka kujiponya mwenyewe hukaukiwa vita vikiwa katikati. Necromancer, mchawi wa wafu, ana Soul Reaping, huvuna nishati viumbe vinapokufa karibu naye. Elementalist, mchawi wa moto na radi, ana ghala kubwa la nishati; Ranger, mpiga mishale, hupunguziwa gharama za ujuzi wake; Mesmer, mchawi wa kuvuruga wengine, hufanya uchawi upesi kuliko wengine. Isome sifa hiyo kabla hujaangalia nguo na sura.

Najua kilichokuvuta kwa Warrior ni deraya. Yake hufika 80, ya Monk huishia 60, na tofauti hiyo unaisikia kweli ukipigwa. Mimi lakini nataka ujiulize jambo jingine: mambo yakiharibika, mkono wako hukimbilia nini? Kwenye msiba wa babu, watu wamekaa wanalia, wewe ulikuwa unazunguka uwanja mzima kuangalia nani hajala, mzee gani hana kiti, mtoto wa nani amelala chini. Hakuna aliyekutuma. Mtu wa namna hiyo akikaa mbele kabisa na upanga, macho kwa adui mmoja, anajinyima kile anachokiweza zaidi. Naamini wewe ni Monk, na nakuomba umtengeneze mhusika mpya uone.

Acha nikuonyeshe jinsi Monk anavyoiona vita, maana kutoka pale uliposimama wewe haionekani. Macho yangu hayako kwa wale wanaopigana. Yako kwenye ile milia myekundu ya uhai, mmoja kwa kila mtu wa kikosi. Mlia wa Elementalist wetu unaporomoka ghafla hadi nusu: kundi la adui limempita Koss na limemwona mwenye deraya nyepesi. Nikimwaga uponyaji pale, nitakuwa namwaga kila sekunde mpaka nishati iishe. Badala yake namrushia Protective Spirit. Inanigharimu nishati 10, na kuanzia hapo hakuna pigo moja linaloweza kumtoa zaidi ya asilimia 10 ya uhai wake wote. Nyundo iliyokuwa imwangushe sasa inamkwaruza tu. Napata nafasi ya kumwangalia mwingine. Hakuna mwanga mkubwa kwenye kioo wala kishindo, na wenzako huenda wasijue umefanya nini, lakini hao wote wako hai kwa sababu yako. Hapo ndipo utamu wa gemu hii ulipo kwangu mimi, na ningependa na wewe uuonje.

Tuje kwa wenzako wa safari. Wapo wa aina mbili, na ukiwachanganya utaumia. Wa kukodi huja na ujuzi wao, huwezi kuubadilisha. Mashujaa, yaani kina Koss na Melonni walioingia na Nightfall, sehemu ya gemu hii iliyotoka mwaka 2006, ni wa kulelewa: unawachagulia silaha, fani ya pili, na ujuzi wao nane, mmoja tu kati ya hiyo ukiwa ule wa daraja la juu. Unaweza kumwambia kila mmoja ashambulie, alinde, au akwepe vita, na unaweza kumchomekea bendera mahali asimame. Zamani uliruhusiwa kuchukua watatu, na tangu 2011 unaruhusiwa hadi saba, kwa hiyo ukifika sehemu za kikosi cha watu wanane unaweza kuwapanga wote kwa mkono wako.

Na kuwapanga ndiyo kazi yenyewe. Wewe uko Ukerewe, kila jioni unaviona vyombo vya dagaa vinatoka. Hakuna mwenye chombo anayejaza wapiga kasia watupu akamwacha mtu wa taa nchi kavu, kwa kuwa bila taa hata wapige kasia namna gani dagaa hawaji. Basi mwenzako wa kwanza awe yule anayeshika kazi usiyoishika wewe. Ukiwa Monk wa kuponya, Dunkoro, shujaa ambaye naye ni Monk, mpe dua za kukinga, asirudie kazi yako. Koss abaki mbele, pale pamemfaa. Baadaye Olias au Master of Whispers, mashujaa ambao ni Necromancer, mpe ujuzi wa kufufua mizoga, awe na jeshi lake la mifupa linalopokea mapigo kabla hayajawafikia ninyi. Kazi hiyo mtu anaiona inachosha, mashujaa wanaiweza vizuri mno.

Kuna kazi moja ambayo kwa sisi wa Ziwa ningependa imwendee shujaa kila mara: kukatiza uchawi wa adui. Uchawi mwingi humalizika ndani ya sekunde moja au mbili. Seva, yaani kompyuta kuu zinazoendesha gemu, ziko mbali na sisi. Ukibonyeza wewe hapo Nansio, amri yako inasafiri kwanza, na mtandao ukiyumba adui ameshamaliza. Wapo wanaojilaumu kwamba vidole vyao ni vizito, kumbe ni umbali. Shujaa haishi kwenye kompyuta yako, anaendeshwa hukohuko kwenye seva, hivyo anamwona adui akianza na anamkatiza papo hapo. Ukifika Vabbi, nchi mojawapo ya humo kwenye gemu, ukampata Norgu, shujaa Mesmer, mjazie ujuzi wa kukatiza tu, kisha uone vita vinavyobadilika.

Wapo watakaokwambia kucheza na mashujaa si kucheza na watu. Mimi kucheza na watu nakupenda, lakini umeme unakatika Igoma na Monk wetu anatoweka tukiwa mdomoni mwa adui. Simlaumu yeyote. Ninachosema ni kwamba ukiwa na mashujaa uliowapanga vizuri, unaweza kumkaribisha rafiki bila kumtegemea kwa uhai wa kikosi kizima, na yeye akicheza bila hofu hiyo hufurahi zaidi. Tukiwa wawili, mimi na wewe, tunajazia mashujaa sita.

Neno la mwisho kuhusu hilo lango linalowamaliza. Kila ukifa unakatwa asilimia 15 ya uhai na nishati, na makato hayo hupanda hadi 60. Kwenye picha yako naona mmeshafika huko. Maana yake mnaingia vitani na chini ya nusu ya nguvu zenu, halafu mnashangaa kwa nini mara ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Rudini mjini, makato yote yanafutika mkiingia tu. Mtoe yule Warrior wa kukodi, umwingize Dunkoro. Melonni mpumzishe, umchukue Tahlkora, shujaa Monk mwingine, umpe uponyaji mtupu. Hata kama bado unaupenda upanga wako, kwa kikosi hicho mtapita leoleo.

Jumamosi usiku nitakuwepo. Ukishamtengeneza huyo Monk nitumie jina lake, nami nitakutumia misimbo ya ujuzi ninayowapangia Dunkoro na Koss, uinakili na kuibandika tu. Koss usimpe ujuzi wa kujiponya; hiyo kazi sasa ni yako.

Dada yako