Damu ya kidole na damu ya mshipa: kwa wateja wetu wa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda

Swali tunaloulizwa sana hapa maabara ni hili: "Hospitali walinitoa damu mkononi wakapata INR 2.4, nyinyi mwanitoboa kidole mwapata 2.8. Nimwamini nani?" Waamini wote. INR ni namba inayoonyesha damu yachelewa kuganda kiasi gani; ikipanda, damu yachelewa zaidi. Tofauti isiyozidi 0.5 kati ya mashine ndogo ya kidole na kipimo cha maabara cha damu ya mshipa ni ya kawaida, na kwa mtu aliyepangiwa na daktari akae kati ya 2 na 3, namba zote mbili zasema dawa imekaa sawa.

Taabu huanza namba ikipanda. Ikipita 4, mashine za kidole huanza kuachana na maabara, na mara nyingi husoma juu kuliko hali ilivyo. Mwaka 2018 kampuni ya Roche ilirudisha kutoka sokoni stripu (vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu) za CoaguChek, mashine yake ya kidole, kwa sababu hiyo hasa: majibu yaliyopita 4.5 hayakuaminika. Kwa hivyo ukipata 4.8 kwetu, usipunguze vidonge kwa kukisia. Tutatoa damu ya mshipa papo hapo, tuitie kwenye chupa ya kifuniko cha buluu mpaka ifike mstarini (chupa isipojaa, nayo hudanganya), tupime upya, kisha jibu liende kwa daktari wako. Lakini ukiwa unatokwa na damu isiyokatika, au choo kimekuwa cheusi kama lami, usipitie kwetu. Nenda hospitali moja kwa moja.

Mengi huharibikia kwenye tone lenyewe. Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha mikono kabisa, kisha uteremshe mkono kidogo. Tone la kwanza likitokeza, laingia kwenye stripu ndani ya sekunde 15 tangu kutoboa. Twaomba sana, usikamue kidole. Wazee wetu wengi, wakiona damu yachelewa, huminya wakidhani wanatusaidia; kumbe kuminya hutoa majimaji ya nyama yanayochochea damu kuganda, na jibu halifai tena. Damu isipotosha, tunatoboa kidole kingine kwa stripu mpya, na hiyo ya pili hulipi.

Mwenye mashine nyumbani, angalia joto. Stripu tunazouza hazitakiwi kupita nyuzi 30, na mwezi wa tatu hapa Mombasa chumba kisicho na hewa hupita hapo mapema. Kopo lisikae juu ya friji wala ndani ya gari, na lifungwe kila ukitoa stripu, maana unyevu wa pwani huziharibu upesi.

Wako ambao kidole hakiwafai: wenye upungufu mkubwa wa damu, na wenye ugonjwa wa antifosfolipidi (kinga ya mwili hufanya damu igande ovyo). Hao tunawapima kwa mshipa tangu mwanzo. Nanyi mnaomeza rivaroxaban au apixaban, dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, msilipie kipimo hiki, kwani INR haionyeshi kama dawa zenu zinafanya kazi sawasawa. Tajeni jina la dawa pale kaunta kabla ya kukata risiti.