Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa FA, chama cha soka cha England: mwelezeni Jack Leslie alivyocheza

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kofia, ile tuzo apewayo mchezaji wa timu ya taifa, mliyomtunuku marehemu Jack Leslie mwaka 2023, familia yake ikaipokea Wembley, tunaishukuru. Ombi letu limebaki moja. Kila anapotajwa, habari huanzia kwenye dhuluma ya 1925, alipoitwa England kisha akaachwa kwa weusi wake, na kuishia kwenye stoo ya viatu ya klabu ya West Ham, alikofanya kazi uzeeni. Uwanjani hatumwoni.

Alikuwa mshambuliaji wa ndani kushoto, kijana wa Canning Town, baba yake Mjamaika. Plymouth Argyle walimchukua 1921 kutoka Barking, akakaa mpaka miaka ya 1930: mechi kama 400, mabao 137, na unahodha juu. Pembeni yake alikimbia winga Sammy Black.

Katikati ya 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: badala ya wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, wakatosha wawili. Mabeki waliozoea kupanda juu ili kutega wakawa wanaacha uwanja mtupu nyuma yao. Msimu huo Argyle walifunga mabao 107 ya ligi, na bado hawakupanda daraja! Divisheni ya Tatu Kusini ilipandisha timu moja tu, Reading wakawazidi pointi moja. Argyle walishika nafasi ya pili misimu sita mfululizo. Ubingwa ukaja 1930.

Oktoba 1925 isomwe ndani ya msimu huo. Kocha wa Argyle, Bob Jack, alimwambia Leslie ameitwa timu ya taifa, kisha jina likaondolewa. Tarehe 24 England walitoka 0-0 na Ireland mjini Belfast. Siku hiyohiyo Leslie alifunga mawili, Bournemouth wakichapwa 7-2. Tunaomba matokeo yote mawili yaandikwe mstari mmoja.

Ila msimwingize kwenye orodha ya waliocheza. Kofia yake ni ya heshima. Mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya England ni Viv Anderson, Novemba 1978. Miaka 53 ile, tangu 1925 mpaka 1978, isifunikwe kwa wema wa leo.

Na mkifanya maonyesho, tafuteni mpira wa enzi zile: vipande vya ngozi, kibofu ndani, mdomo umefungwa kwa kamba. Ukilowa mvua ulikuwa mzito, na kamba ilichana vipaji vya nyuso. Leslie ilimuumiza jicho, akawa anaelekea kustaafu. Uwekeni kamba ikitazama juu.

Wenu,
Wafuatiliaji wa historia ya soka