Heri ya Krismasi, na fanusi ya wachungaji

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki.

Nawatakieni nyote heri ya Sikukuu ya Noeli na Mwaka Mpya wenye afya, amani na baraka tele.

Mwaka huu sikwenda nyumbani kwa ukoo, kuhesabiwa kama tusemavyo Wachaga. Nauli ya Moshi kwa watu watano imenishinda, na bei ya ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, msiniulize. Lakini hata hela ingekuwepo, miguu ilikuwa mizito. Ni Krismasi ya kwanza mama hayupo.

Badala ya kadi yenye nyota nawatumia mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Amsterdam, Uholanzi, wa miaka ya 1650: wachungaji wanafika zizini usiku. Kazi hiyo hufanywa kwenye bamba la shaba. Hupakwa nta, ikakwaruzwa kwa sindano, tindikali ikala ile mistari, kisha hutiwa wino na karatasi ikagandamizwa juu. Mistari ikisongamana, wino hujaa. Rembrandt aliisonga mpaka karatasi karibu yote ikawa nyeusi. Ukitazama haraka huoni kitu. Tulia kidogo: inatokea fanusi mkononi mwa mchungaji, halafu Mariamu amejilaza na mwanawe, halafu ng'ombe nyuma yao. Malaika hayumo.

Giza hilo alilijua. Alizika watoto watatu wachanga, mwaka 1642 akamzika mkewe Saskia, na 1656 akafilisika.

Mama naye alishika chemli vivyo hivyo, usiku ng'ombe akizaa. Yeye mbele, sisi nyuma kati ya migomba, tukifuata kipande cha kanga kilichoangazwa. Sura yake hatukuiona mpaka tufike bandani. Tangu Machi, tulipomzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, picha inayonijia ni hiyo kanga.

Wapendwa, tusisubiri mambo yanyooke ndipo tumtafute Bwana! Wachungaji walikwenda usiku, na fanusi yao moja. Mwenye kilo mbili za mchele ampimie jirani moja. Mliogombania mipaka ya shamba, ombaneni msamaha kabla ya ibada, msimpelekee Mtoto Yesu sadaka yenye kinyongo. Mwenye mama, ampigie leo, asingoje kesho.

Nanyi mlioko nyumbani, mkipita kaburini kwa mama, palilieni kidogo, isale, ule mmea wetu wa kaburini, isimezwe na magugu.

Krismasi njema.