Wahamiaji wameongezeka Marekani, kodi je?

Mhariri,

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia tu zinaanza kuzunguka zile chati za mistari mitatu, kodi, mafao na wahamiaji, yote inapanda juu, na watu wanamaliza kesi hapohapo eti wageni ndo wanakula kodi za wenyeji.

Mi naomba tuanze na huo mstari wa kodi manake wala haupandi hivyo. Ukihesabu kwa dola utaona umepaa kweli, lakini dola ya 1970 si ya leo na uchumi nao umekua, kwahiyo pima kwa asilimia ya pato la taifa, hapo utakuta serikali kuu inakusanya kama 17 kwa wastani tangu miaka ya 70, mwaka huu inashuka kidogo mwaka ule inapanda kidogo. Muda huohuo waliozaliwa nje wametoka chini ya asilimia 5 ya watu wote mwaka 1970 mpaka karibu 14 mwaka 2022, yaani karibu mara tatu! Na ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1890 walikuwa karibu asilimia 15, wengi wa kutoka Ulaya, na kodi ya mapato ya serikali kuu ilikuwa haipo kabisa, hii ya sasa imeanza 1913.

Mafao yamepanda, hapo sibishi. Ila fuata hela inakoenda. Mafungu makubwa ni Social Security, yaani pensheni ya serikali, ya tangu 1935 na Medicare, bima ya afya ya wazee, ya 1965, na hizo kwa sehemu kubwa ni za wazee, maana kile kizazi kikubwa kilichoanza kuzaliwa 1946 baada ya vita ndo kinastaafu, tena watu wanaishi miaka mingi na matibabu kule bei yake mnaijua. Kijana aliyeingia jana anahusika vipi hapo? Kafika na nguvu zake, shule kasomeshwa na nchi nyingine, na kwa sheria aliyosaini Rais Clinton 1996 hata mwenye makaratasi halali mara nyingi anasubiri miaka 5 ndo aguse Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, au msaada wa chakula. Asiye na makaratasi ndo kabisa, wengi wanakatwa kwenye mshahara hela ya pensheni ambayo hawataiona, na ITEP, taasisi ya utafiti wa kodi ya hukohuko Marekani, ilikadiria kuwa mwaka 2022 watu hao walilipa kodi za aina zote karibu dola bilioni 97.

Wanaolalamika nao wana pa kusimamia, tusijifanye hatuoni. Watoto wa wahamiaji wanasomeshwa kwa hela za majimbo na halmashauri wakati sehemu kubwa ya kodi ya mzazi inaenda Washington, na ripoti ya 2016 ya National Academies, taasisi za kitaifa za wanasayansi wa Marekani, ilisema wazi kuwa kizazi cha kwanza kinayagharimu majimbo, ila watoto wao wakikua ni kati ya walipa kodi wazuri kuliko wote. Kwahiyo meya anayelia bajeti ya shule analia kweli, ila wa kumdai ni serikali kuu, siyo baba wa mtoto.

Ombi langu, mkichapisha tena takwimu za aina hii wekeni na umri wa watu pembeni, na kodi muiandike kwa asilimia ya pato la taifa.

Msomaji wenu